Fungate ya Mlimani: Mvua, Miguu na Mfuko

Nazungumza nanyi nyote mlioko Bukoba mjini, Kemondo, Kamachumu, Nshamba na Rubya. Nanyi mlioko visiwani, mnaotusikiliza huku mkishona nyavu. Na ninyi ndugu zangu wa Kimwani, huko Muleba inakopakana na Biharamulo. Punguza moto chini ya sufuria ya ndizi, vuta kigoda, tuongee.

Leo nina habari ya harusi. Najua mmeshachoka na kadi za michango. Kila ukifungua simu umeingizwa kwenye kundi jipya: harusi ya fulani, tafadhali ahadi yako. Na kwa nini zinarundikana miezi hii? Sababu mnazijua. Kahawa imeshavunwa na kuuzwa, fedha ipo mkononi. Halafu Majilio inakaribia, na wengi wetu tuliolelewa kanisani hatupendi kufunga ndoa Majilio. Kwa hiyo Septemba, Oktoba na Novemba mwanzoni, kila Jumamosi ina matarumbeta yake.

Sasa niwaulize maharusi. Mkishakata keki, mkishapokea kabati na majembe na mbuzi, mnaelekea wapi? Zamani jibu lilikuwa rahisi: bibi harusi alikaa ndani, hashiki jembe, anapikiwa na kupakwa mafuta, mpaka siku ya kutoka. Vijana wa leo wanataka fungate ya safari. Na siku hizi nasikia jambo jipya zaidi. Hawataki hoteli yenye bwawa la kuogelea. Wanataka milima. Wanataka kutembea kwa miguu, wakiwa wawili, na mikoba mgongoni.

Mimi nawaunga mkono. Mkitembea mlimani saa sita pamoja, mtajuana kuliko mkikaa hotelini wiki nzima, kila mmoja na simu yake. Mlimani utaona mwenzako akichoka, akinyeshewa, akikosa njia, na utajua anavyosema akiwa katika hali hiyo. Ila safari ya mlimani haipangwi kwa kutazama picha. Inapangwa kwa mambo matatu, na yote matatu yanaanza na herufi M, myashike vizuri: Mvua, Miguu na Mfuko. Nirudie? Mvua, Miguu, Mfuko. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Tuanze na M ya kwanza, Mvua.

Vijana wameona picha za maharusi wa Ulaya na Marekani wakitembea milimani mwezi wa Oktoba, majani ya miti yote ni ya manjano na mekundu. Wanasema, na sisi twende Oktoba. Polepole, wanangu. Kule, Septemba hadi Novemba ni majira ya majani kupukutika. Joto limepungua, theluji bado, shule zimefunguliwa na wageni wamepungua milimani. Wenzetu wana sababu zao za kuchagua miezi hiyo. Sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Mgomba haupukutishi majani kwa sababu ya Oktoba. Majani yake makavu unayaondoa mwenyewe kwa kisu. Oktoba yetu ni mwezi wa vuli, na vuli ni mvua.

Mnajua kalenda yetu. Masika ni Machi hadi Mei. Kiangazi ni Juni hadi Agosti. Halafu Septemba mawingu yanarudi, na vuli inatupeleka mpaka Desemba. Je, Tanzania nzima iko hivyo? La. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Jua linapoelekea kusini baada ya Septemba, mvua hushuka nalo. Sisi wa Kagera, pamoja na jirani zetu wa Rwanda na Uganda ya magharibi, hutufikia mapema. Kilimanjaro na Meru wao husubiri. Septemba yote na sehemu kubwa ya Oktoba, kule mara nyingi bado ni kukavu, na mvua huja kwa nguvu Novemba.

Mmelisikia hilo? Nalirudia kwa sababu linageuza hesabu yote. Milima iliyo karibu nasi, ya upande wa Uganda na Rwanda, miezi hii inalowa. Milima ya mbali, ya Kaskazini mwa Tanzania, bado ina jua. Kwa hiyo ukichagua mlima wa Oktoba kwa kuangalia umbali tu, utalowa.

Kuna na jambo jingine ambalo wavuvi wetu wanalijua kuliko mtu yeyote. Ziwa letu Viktoria ni kubwa kiasi kwamba linatengeneza mvua yake lenyewe. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake. Upepo unatoka pwani zote na kukutana katikati ya ziwa, hewa inapanda, mawingu yanajikusanya, radi inaanza. Kisha upepo wa kusini-mashariki unayasukuma mawingu hayo upande wetu wa magharibi, na yakifika kwenye vilima vyetu yanapandishwa tena na kumwaga. Ndiyo maana Bukoba hunguruma alfajiri, wakati sehemu nyingine nyingi mvua ni ya alasiri.

Hilo linamhusu nini bwana harusi? Linamhusu sana. Ukiwa Kilimanjaro au Usambara, ondoka mapema, saa mbili asubuhi uwe njiani, maana mawingu yanajaa mchana. Ukiwa huku kwetu kando ya ziwa, usikurupuke. Amka, sikiliza anga, kunywa chai yako. Ngurumo ikipita na jua likatoka, saa nne mnaondoka. Na mkiwa juu kwenye rweya, ile mbuga wazi isiyo na mti, radi ikianza kukaribia, shukeni. Msisimame kileleni kupiga picha, wala msijifiche chini ya mti mmoja uliobaki peke yake.

Haya, hiyo ndiyo Mvua. Twende M ya pili: Miguu.

Kijana wa Kimwani aliyekua akitembea kwenda shule na kurudi atacheka. Atasema, mimi nifundishwe kutembea? Sawa. Lakini umeishi Mwanza au Dar es Salaam miaka mingapi? Unapanda bodaboda kwenda dukani. Na mwenzako je, aliyekulia tambarare? Mlimani mnatembea kwa mwendo wa yule aliye mwepesi kuchoka, na yeye ndiye atangulie mbele. Bwana harusi, usimwache mkeo nyuma hatua hamsini halafu umgeukie na kumwuliza kama amechoka. Hilo swali ni la hatari mwezi wa kwanza wa ndoa.

Anzeni mazoezi wiki sita kabla. Si lazima kwenda mahali pa kulipia. Tafuteni mteremko wa karibu, pandeni na kushuka mara mbili kwa wiki, na mikoba mgongoni yenye chupa za maji. Vaeni viatu vile vile mtakavyosafiri navyo. Kiatu kipya kutoka kwenye boksi, ukakianzia mlimani, kitakupa malengelenge kabla ya saa sita mchana. Na msisahau kwamba bibi harusi atakuwa amecheza usiku kucha juu ya visigino virefu. Kwa hiyo nawaambia wazi: msiondoke kesho yake. Sherehe ikiisha, laleni. Salimieni wazee, rudisheni vyombo vya watu, pumzikeni siku mbili tatu, ndipo msafiri.

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mlimani ni hivyo hivyo. Kupanda kunakata pumzi, lakini kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Kateni fimbo imara kila mmoja, fupisheni hatua, kunjeni magoti kidogo. Mkishuka hivyo hamtaanguka ovyo.

Sasa tuzungumzie urefu wa milima, maana hapa kuna usalama wa maisha. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo sisi hata tukiwa ufukweni tuko juu. Vilima vya Muleba, Bukoba na Karagwe havimpi mtu mzima ugonjwa wa mwinuko. Ugonjwa huo huanza kuwapata watu wanapopita mita 2,500 hivi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi. Ukiona mwenzako anapepesuka, au anaongea vitu visivyoeleweka, au anakosa pumzi hata akiwa amekaa, dawa ni kumshusha, na ni saa hiyo hiyo. Usisubiri asubuhi. Nguvu za mwili hazisaidii hapa; kijana mwenye misuli hupatwa sawa na mwingine. Kinachosaidia ni kupanda taratibu.

Na kama bibi harusi ni mjamzito, jambo ambalo sote tunajua hutokea na hakuna haja ya kunong'onezana, basi aonane na daktari kwanza. Vilima vya kutembea nusu siku daktari anaweza kuviruhusu. Kilele kirefu kisubiri. Mlima hauhami.

Tumepita mawili: Mvua na Miguu. Sasa M ya tatu, Mfuko.

Hapa nitaongea kwa ukali kidogo, mnivumilie. Harusi zetu zinakula kila kitu. Kamati inakaa kila Jumapili: ukumbi, mapambo, mshereheshaji, magari, keki ya ngazi saba. Mwisho wa kikao, fedha ya fungate inaulizwa kwa haya, na mwenyekiti anasema, hilo maharusi watajua wenyewe. Halafu siku moja kabla ya harusi vinywaji vinapungua, na kile kidogo walichojiwekea maharusi kinaingia kwenye kreti za bia. Je, si kweli? Watu mia tatu wanakunywa fungate ya watu wawili.

Tengenezeni fungu la fungate nje ya kamati. Liwekwe kwenye akaunti ambayo mwenyekiti na mhazini hawaijui. Naona mama mmoja huko Nshamba anatikisa kichwa, anasema hiyo ni siri mbaya. Hapana, mama. Michango ni ya sherehe, na itumike kwenye sherehe. Fungu la fungate ni jasho la maharusi wenyewe, na siri hiyo ni ya kulinda nyumba.

Likizo nayo ni fedha. Sheria ya kazi inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Siku za fungate zitatoka humo. Ukizitumia zote kuhangaika na ukumbi na kadi, utapanda mlima kwa ruhusa ya nani? Gawanya mapema, na mwajiri ajue mapema.

Habari njema ni kwamba hifadhi za taifa zina kiingilio cha wenyeji, kwa shilingi, na ni kidogo sana kikilinganishwa na anacholipa mgeni wa kutoka nje. Lakini ni lazima uonyeshe wewe ni Mtanzania. Beba kitambulisho cha taifa. Na bibi harusi, andikisha safari kwa jina lililoko kwenye kitambulisho, hata kama jana yake mchungaji amekuita kwa jina la mumeo. Malipo ya hifadhi yanafanywa kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu akikwambia tuma kwenye simu yangu nitakufanyia mpango, funga mkoba, ondoka.

Kampuni ya kuwapandisha mkiipata, ulizeni maswali haya manne kabla ya kutoa hata senti. Bei hii ina chakula? Ina kiingilio? Ina malipo ya wapagazi? Mtu akiugua juu, nani anamshusha na kwa gharama ya nani? Asiyejibu manne hayo bila kubabaika, msipande naye. Na wapagazi muwaheshimu. Ni vijana wenye familia, wamebeba mahema na vyakula vyenu. Bakshishi yao iwekeni kwenye bajeti tangu nyumbani, msije kutafutana mifukoni siku ya mwisho.

Sasa basi, kwa Mvua, Miguu na Mfuko, twende wapi? Nitawapa njia tatu: ya nyumbani, ya jirani na ya mbali.

Njia ya nyumbani ni vilima vyetu. Kuna watu wamezaliwa Kamachumu na hawajawahi kuutembea ukingo wake mpaka mwisho. Vilima hivi vya kwetu Buhaya vimejipanga mistari, vinafuata ziwa kutoka kaskazini kwenda kusini, na mara nyingine vinakatika ghafla kuwa genge la mawe. Ukipita juu, nyasi za rweya zinakufika magotini, na baada ya mvua ya alfajiri zinalowesha suruali yote. Utakutana na akina mama wanakata nyasi za kutandika ndani ya nyumba na za kufunika shina la mgomba, mafungu yamefungwa kwa kamba za migomba, wanakusalimia bila kusimamisha mundu. Chini ni kijani cha vibanja, mashamba yetu ya migomba, mbele ziwa, na kama anga imetakata utaona visiwa. Tembeeni siku tatu nne kati ya Kamachumu, Nshamba na Rubya, mkilala kwenye nyumba za wageni au kwa ndugu. Bukoba mkapande magenge ya juu ya mji. Maruku mkaone Katuruka, mahali ambapo wataalamu walifukua mabaki ya tanuri za chuma za babu zetu, za kiasi cha miaka elfu mbili. Mume na mke wakisimama pale watajua kwamba watu wa vilima hivi hawakuanza jana.

Na vuli ya nyumbani ina zawadi yake: senene. Novemba ikifika na mvua imekolea, usiku utaona mataa makali yamewashwa na mabati yamesimamishwa juu ya mapipa, senene wanajigonga na kuteleza ndani. Wazee husimulia kwamba mke aliyemkusanyia mumewe senene alitarajia nguo mpya. Bwana harusi, ushauri huo nakupa bure. Na kama umeoa kutoka mkoa mwingine, mweleze bibi mapema kilichomo kwenye kikapu.

Kuna tahadhari moja ya nyumbani nisiyotaka muisahau. Msiingie mapangoni. Popo wala-matunda wanaoishi mapangoni wanaweza kubeba virusi vya Marburg. Tuliuona ugonjwa huo Bukoba Vijijini Machi 2023, na mwanzoni mwa 2025 ukaonekana Biharamulo. Pango lenye popo litazameni kwa nje, piteni. Hakuna picha inayostahili maisha ya mtu.

Njia ya pili ni ya jirani: Karagwe. Kuna Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, yenye jina la Mukama Rumanyika aliyemkaribisha Mwingereza Speke mwaka 1861. Ni hifadhi ya vilima na misitu, watu wachache, safari fupi kutoka kwetu. Ninyi wa Kimwani mna jirani mwingine, Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka huo huo. Kule kuna wanyama, kwa hiyo hamtembei bila askari wa hifadhi. Na kuna mbung'o. Msivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawavuta. Vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu.

Mtaniuliza, na Uganda je? Si tukivuka mpaka wa Mutukula tu tumefika? Ni kweli, Muhabura ina mita 4,127 na iko pale Kisoro. Rwenzori ina kilele cha mita 5,109. Ni milima mizuri mno. Lakini turudi kwenye M ya kwanza. Septemba hadi Novemba kule ni mvua, na Rwenzori hata kiangazi ina matope ya kumezea buti. Milima hiyo iwekeni kwa ajili ya Juni hadi Agosti, au Januari. Na mkienda, pasipoti au hati ya muda ya kusafiria iwe tayari, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Njia ya tatu ni ya mbali, na kwa Septemba na Oktoba mapema ndiyo yenye jua: Kaskazini. Kutoka Kimwani siku hizi ni rahisi zaidi. Mnashika basi Kyamyorwa, mnapita Chato na Geita, mnavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, hamsubiri tena kivuko, mko Mwanza. Kutoka hapo ni Singida mpaka Arusha. Ni safari ndefu, laleni njiani usiku mmoja.

Je, ni lazima kufika kileleni Kilimanjaro? Si lazima hata kidogo. Uhuru ni mita 5,895. Kwa njia ya Marangu, yenye vibanda vya kulala, ni siku tano au sita za baridi na kukosa usingizi. Wapo maharusi wataifurahia. Wengi wangefurahia zaidi kupanda siku moja kutoka lango la Marangu mpaka Mandara, mita 2,720 hivi, katikati ya msitu, kisha kushuka kulala kijijini. Na pale kijijini Mhaya atajisikia nyumbani. Mchaga ana kihamba, sisi tuna kibanja: migomba juu, kahawa chini, ng'ombe nyuma ya nyumba. Yeye atakupa pombe yake ya mbege, wewe umweleze habari za pombe yetu, lubisi. Wenye miguu zaidi waende Meru, mita 4,566, siku tatu au nne, na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Wanaotaka upole waende Lushoto, milima ya Usambara, wakatembee kijiji hadi kijiji na kutazama bonde kutoka Irente.

Mkoba wenu uwe na nini? Koti la mvua kila mmoja, si mwamvuli. Upepo wa mlimani huupindua. Soksi jozi tatu. Sweta zito. Kofia. Tochi. Buti za mpira kwa vilima vya nyumbani vikilowa, na msizionee aibu. Nguo kavu zifungeni kwenye mfuko wa turubai, maana mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019. Chakula: ndizi mbivu, karanga, chapati, mayai ya kuchemsha. Maji ya kutosha. Na simu moja izimwe, itunze chaji kwa dharura. Moja inatosha kwa picha.

Najua kuna mama mkwe ananisikiliza na moyo wake haujatulia. Anasema, mkwe wangu ameletwa juzi, leo anapelekwa kuchoshwa porini, watu watasema nini? Mama, watu husema hata usipofanya kitu. Muulizeni bibi harusi mwenyewe. Kama ni yeye anayetaka mlima, mpeni baraka. Na kama ni bwana harusi peke yake anayetaka, na mwenzake amekubali kwa kuona haya tu, basi shangazi, kazi ni yako. Mwite pembeni, mwulize kwa upole, na mtetee. Safari hii ni ya wawili. Mmoja akiburutwa, hiyo si fungate.

Muda wetu unaisha, nifunge hesabu. Tulisema mambo mangapi? Matatu. Mvua: chagua mwezi na mlima kwa pamoja, usichague mlima kwa picha. Miguu: anza wiki sita kabla, tembea kwa mwendo wa mwenzako, kichwa kikiuma juu, shuka. Mfuko: fungu la fungate liwe nje ya kamati, na ulipe mahali panapotoa risiti.

Kwa maharusi wa Oktoba hii, kaeni wawili usiku huu huu, kabla ya kikao cha Jumapili. Chukueni karatasi, andikeni mwezi, mlima na kiasi mlicho nacho, na kila mmoja atie sahihi yake. Kamati ikiuliza fedha hizo, jibuni kwa heshima kwamba zina kazi nyingine. Na ninyi wajumbe wa kamati mnaonisikiliza, punguzeni ngazi mbili kwenye hiyo keki, hakuna atakayelala njaa.